Fomu Mbili za Mkopo Mmoja: Uchambuzi wa Kisa cha Nyaraka za Kidijitali katika Sacco ya Nairobi

Kisa hiki kilitokea katika chama cha akiba na mikopo chenye makao yake katikati ya jiji la Nairobi. Jina la chama, majina ya wanachama na la kampuni iliyouza mfumo wa nyaraka yameondolewa, na baadhi ya mambo madogo kuhusu idara na vyeo yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Mtiririko wa matukio umebaki jinsi ulivyokuwa.

Mashirika mengi yanapofikiria nyaraka zao za kidijitali, hofu yao ya kwanza huwa ni kupotea: seva iungue, kompyuta iibwe, virusi vifunge faili zote. Katika kisa hiki hakuna kilichopotea. Kulikuwa na nakala nyingi mno, na hapakuwa na mtu mwenye mamlaka ya kusema ni ipi kati ya hizo iliyokuwa kumbukumbu rasmi ya chama.

Usuli

Chama hiki kilianza miongo kadhaa iliyopita kikiwahudumia wafanyakazi wa sekta moja, kisha kikafungua milango kwa umma. Kwa muda mrefu kumbukumbu zake zilikuwa za karatasi. Kila mwanachama alikuwa na jalada lenye namba yake, na majalada yote yalikaa katika masijala iliyosimamiwa na karani mmoja ambaye wafanyakazi wote, hata meneja mkuu, walimwita Mzee. Jalada halikutoka masijala bila kuandikwa katika daftari lake: namba, tarehe, nani amelichukua, na siku liliporudi.

Utaratibu huo ulivunjika Machi 2020. Kisa cha kwanza cha Korona nchini kilitangazwa tarehe 13 mwezi huo, na kufikia tarehe 27 kafyu ilikuwa imeanza. Wafanyakazi wengi walihamia nyumbani, huku wanachama wakiendelea kuhitaji mikopo, pengine kuliko wakati mwingine wowote. Maafisa wa mikopo wakaanza kupokea fomu kwa baruapepe na kwa WhatsApp. Mwanachama alipiga picha fomu aliyoijaza, akaituma kwa simu ya afisa, naye afisa akaihamishia kwenye kompyuta yake ya mkononi na, alipokumbuka, kwenye folda ya pamoja ya idara. Uamuzi huo haukuwa wa kijinga, kwani chaguo jingine lilikuwa kusimamisha mikopo kabisa. Kosa ni kwamba mpango wa dharura haukuwekewa siku ya mwisho, na haukuandikiwa utaratibu hata wa ukurasa mmoja.

Mapema mwaka 2022 bodi iliidhinisha ununuzi wa mfumo wa kusimamia nyaraka. Vijana wa kibarua waliajiriwa kuskani majalada yote, na malipo yao yalihesabiwa kwa idadi ya kurasa. Folda ya pamoja ilimwagwa ndani ya mfumo huo mpya jinsi ilivyokuwa, pamoja na faili zilizoitwa “fomu mpya”, “fomu mwisho” na “fomu mwisho kabisa”. Majalada yaliyokwisha kuskaniwa yalitiwa kwenye maboksi na kupelekwa ghala la kukodi katika Eneo la Viwanda. Masijala ikafungwa, na Mzee akahamishiwa dawati la mapokezi.

Mtiririko wa matukio

Mnamo Februari 2020 mwanachama mmoja aliomba mkopo wa maendeleo. Alijaza fomu ya karatasi na wadhamini wake wakatia saini, akiwemo mama mmoja ambaye tutamwita mdhamini wa kwanza. Kamati ya mikopo ilikataa ombi hilo kwa kuwa makato yangepita theluthi mbili za mshahara wa mwombaji, kiwango kinachokatazwa na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Uamuzi uliandikwa kwa mkono na kupigwa muhuri nyuma ya karatasi ya pili ya fomu, mahali palipotengwa kwa kazi hiyo, na mwombaji akashauriwa apunguze kiasi.

Aliporudi na ombi dogo zaidi, kafyu ilikuwa imeanza. Fomu ya pili ilikuja kwa WhatsApp. Mdhamini wa kwanza hakuwemo tena, na nafasi yake ilikuwa imechukuliwa na mwanachama mwingine wa kiume. Afisa wa mikopo alibadilisha kiasi katika mfumo wa mikopo, lakini orodha ya wadhamini aliiacha jinsi ilivyoingizwa mwezi wa Februari. Mkopo ukatolewa.

Baada ya miaka miwili na ushei, mkopaji alipoteza kazi na marejesho yakakoma. Mwanzoni mwa mwaka 2023 mdhamini wa kwanza alikuja kuomba mkopo wa karo, akaambiwa akiba yake imezuiliwa kwa sababu amemdhamini mtu aliyeshindwa kulipa. Alishangaa, kwa kuwa alijua ombi alilolitilia saini lilikuwa limekataliwa. Aliandika barua akitaka apewe nakala ya fomu inayosemwa ni yake, akitumia haki ya kupata taarifa zake binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019.

Hapo ndipo mambo yalipochanganyika. Kanuni za mwaka 2021 zilizotolewa chini ya sheria hiyo zinataka ombi la namna hiyo lijibiwe ndani ya siku 7. Ofisa wa huduma kwa wanachama, akikimbizana na muda huo, alitafuta katika folda ya zamani ya pamoja, ambayo haikuwa imefungwa hata baada ya mfumo mpya kuanza, akaipata fomu ya pili na kuituma. Jina la mama yule halikuwamo. Ila yalikuwamo majina, namba za vitambulisho na namba za simu za wadhamini wengine, pamoja na hati ya mshahara ya mkopaji, kwa sababu kila kitu kilikuwa kimeunganishwa katika faili moja ya PDF. Wiki hiyohiyo idara ya sheria ilimwandikia mama yuleyule barua ya kudai deni, ikiambatanisha fomu iliyoipata kwenye mfumo mpya. Hiyo ilikuwa fomu ya kwanza, yenye saini yake na isiyo na alama yoyote ya kukataliwa.

Mama huyo alifika ofisini akiwa na nakala mbili mkononi, zote zimetoka kwa chama, zote zikidai kuwa ndiyo fomu ya mkopo mmoja.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulichukuliwa siku ileile na ofisa wa uzingatiaji wa sheria. Aliagiza kwamba chochote kinachohusu mkopo huo, kiwe katika mfumo, folda, baruapepe au simu, kisifutwe, kisihamishwe, wala kisibadilishwe jina. Wengine waliona ni kujipa kazi bure. Lakini tayari afisa mmoja wa mikopo alikuwa ameanza “kusafisha” folda kwa nia njema, na angeendelea kwa saa chache zaidi, ushahidi wa jinsi nakala hizo zilivyozaliwa ungekuwa umetoweka.

Uamuzi wa pili uliwagawa wakuu. Sheria ya Ulinzi wa Data inamtaka mdhibiti wa data, yaani anayeamua jinsi taarifa za watu zitakavyotumika (hapa ni chama), amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu alipotambua kwamba taarifa binafsi zimefikia mtu asiyestahili, ikiwa kuna hatari halisi ya madhara kwa wahusika. Wakili wa chama alishikilia kuwa hati ya mshahara mikononi mwa mwanachama mmoja aliyeheshimika si hatari. Ofisa wa uzingatiaji alijibu kuwa mwanachama huyo sasa alikuwa na mgogoro na chama, na kwamba nakala hiyo ingeishia kwa mawakili, kwa jamaa na huenda mbele ya jopo la mizozo ya vyama vya ushirika. Walikubaliana kutoa taarifa, na wahusika wote waliotajwa katika faili hiyo wakaandikiwa. Kwa maoni yangu walifanya sawa, ingawa sababu waliyoitumia, yaani woga wa kulaumiwa baadaye, ilikuwa dhaifu kuliko ile ya msingi: watu hao walikuwa na haki ya kujua.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kutafuta karatasi yenyewe. Tatizo lilikuwa kuipata. Maboksi katika ghala yalikuwa yamepangwa kwa mfuatano wa siku za kuskani, si kwa namba za wanachama, na kampuni ya mfumo haikuwa imekabidhi orodha ya yaliyomo. Watu wawili walitumwa Eneo la Viwanda, wakashinda huko kutwa na kurudi mikono mitupu. Ndipo mtu fulani alipokumbuka mapokezi.

“Mzee, jalada la mwanachama huyu lingekuwa boksi gani?”

Mzee hakujibu mara moja. Alifungua droo ya dawati lake, akatoa daftari lake la zamani lenye jalada gumu, akapitisha kidole kwenye safu ya namba. Katika ukingo wa kila mstari, kwa kalamu nyekundu, alikuwa ameandika namba ya boksi lililobeba jalada hilo siku lilipoondoka masijala. Hakuna aliyemwagiza. Alipoulizwa, alisema tu kwamba jalada haliwezi kutoka bila kuandikwa linakokwenda.

Boksi likapatikana, na nyuma ya karatasi ya pili ya fomu ya kwanza ukaonekana uamuzi wa kamati na muhuri wake. Mashine za skana zilikuwa zimewekwa kusoma upande mmoja tu wa karatasi.

Matokeo

Akiba ya mdhamini wa kwanza iliachiliwa, akaombwa radhi kwa maandishi, na mkopo wake wa karo ukashughulikiwa, japo muhula ulikuwa umekwisha kuanza. Upande huo ulifungwa vizuri kadiri ulivyoweza kufungwa.

Upande wa pili haukuwa na heri hiyo. Mdhamini aliyetajwa katika fomu ya pili alikana kwamba aliwahi kutia saini. Kilichokuwepo ni picha iliyopita simu mbili na kompyuta moja. WhatsApp hubana picha na kuondoa maelezo ya ndani yanayoonyesha ilipigwa lini na kwa kifaa gani, hivyo picha yenyewe haikuweza kujieleza. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinaruhusu waraka wa kielektroniki kupokewa kama ushahidi, lakini kinataka hati iliyotiwa saini na mtu mwenye wadhifa unaohusika, inayoutambulisha waraka, kueleza jinsi ulivyotolewa na kutaja kifaa kilichohusika. Afisa aliyepokea picha hiyo alikuwa amekwisha kuacha kazi, na simu ilikuwa yake binafsi. Hapakuwa na mtu ndani ya chama aliyeweza kutia saini hati hiyo kwa dhamiri safi. Wakili alishauri wasiende mbele. Sehemu ya deni ililipwa kutoka akiba za wadhamini waliobaki, ambao hawakukana, na kilichosalia kikawekwa katika vitabu kama mkopo wenye shaka.

Uchambuzi

Ni rahisi kuilaumu kampuni iliyouza mfumo, na kwa kweli inastahili sehemu yake. Lakini mkataba uliandikwa na chama, na mkataba ndio uliosema malipo ni kwa kurasa. Mtu anayelipwa kwa kurasa ataskani kurasa nyingi iwezekanavyo kwa siku. Hatageuza karatasi kuangalia nyuma, hataondoa pini zilizokwama, na hatasimama kujiuliza kama fomu hii ilikubaliwa au ilikataliwa. Hapakuwa na hatua ya ukaguzi ambapo mtu wa chama angechukua sampuli ya majalada na kuyalinganisha na picha zake. Jalada moja tu lililolinganishwa kwa makini lingefichua tatizo la upande wa nyuma wiki ya kwanza.

Kosa lililoleta madhara makubwa zaidi lilihusu tarehe. Mfumo ulipanga nyaraka kwa tarehe ya mwisho ya kubadilishwa faili, na watumiaji wakadhani kwamba iliyo juu ndiyo halali. Fomu ya kwanza, ya Februari 2020, iliskaniwa mwaka 2022, kwa hiyo faili yake ilibeba tarehe ya 2022. Fomu ya pili iliingia kama faili ya 2020 kutoka folda ya pamoja, kwa hiyo ikazama chini. Kompyuta haikudanganya; ilisema kwa usahihi faili ilitengenezwa lini. Ila tarehe ya faili si tarehe ya waraka, na tarehe ya waraka si tarehe ya uamuzi. Mambo haya matatu yalihitaji nafasi tatu tofauti katika maelezo ya kila waraka, zijazwe na mtu anayejua anachosoma. Kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa kumbukumbu, ISO 15489, kilichotolewa mwaka 2001 na kurekebishwa 2016, kinataka kumbukumbu iwe halisi, ya kuaminika, kamili na yenye kutumika. Fomu ya kwanza katika mfumo ilikuwa halisi, saini zilikuwa za kweli. Haikuwa kamili, na kwa kukosa ukamilifu ikasema uongo.

Kuna jambo lingine lililogunduliwa katikati ya uchunguzi ambalo lilimkera sana mkaguzi wa ndani. Mfumo uliweka rekodi ya kila aliyefungua, kubadilisha au kupakua waraka, na hiyo ilikuwa moja ya sababu kuu za kuununua. Kumbe idara nzima ya mikopo ilikuwa ikiingia kwa akaunti moja na nywila moja, iliyobandikwa kwa karatasi pembeni mwa kioo cha kompyuta, ili kuokoa gharama ya leseni za watumiaji. Rekodi ilionyesha bila kukosea kwamba “mikopo” ilifungua faili, “mikopo” ikaibadilisha jina, na “mikopo” ikaifuta. Akiba iliyopatikana kwenye leseni ilikuwa ndogo. Uwezo wa kumwajibisha mtu ulipotea wote.

Nakala rudufu, kwa upande wake, zilifanya kazi barabara. Kila usiku zilitumwa nje ya jengo na kujaribiwa kila robo mwaka, na wakuu walijivunia hilo katika taarifa zao kwa bodi. Zilikuwa zikinakili mkanganyiko uleule, usiku baada ya usiku. Nakala rudufu humlinda mwenye kumbukumbu dhidi ya kupoteza alichonacho, lakini haziwezi kumwambia kama alichonacho ni sahihi.

Kuhusu kilichofanikiwa, daftari la Mzee linastahili kutazamwa bila kulifanya hadithi ya kusifu mambo ya kale. Daftari halikuwa bora kwa sababu lilikuwa la karatasi. Lilikuwa bora kwa sababu lilijibu swali ambalo mfumo wa kisasa haukuulizwa: kitu hiki kilitoka wapi, kikaenda wapi, na nani alikipokea. Mfumo ungeweza kufanya hivyo vizuri zaidi kama mtu mwenye uzoefu wa masijala angehusishwa wakati wa kuupanga. Badala yake, mtu pekee aliyejua jinsi majalada yanavyotembea alipelekwa kupokea wageni kwa kuwa masijala ilionekana kuwa kazi iliyopitwa na wakati.

Bahati nayo ilichangia. Mpango wa awali ulikuwa kuzichanachana karatasi zote baada ya kuskani. Haukutekelezwa kwa sababu fomu ya kuidhinisha uharibifu ilihitaji saini, na kila mkuu alimsukumia mwenzake. Kama mmoja wao angekuwa na ujasiri kidogo zaidi, muhuri wa kamati ungekuwa umekwenda na maji.

Swali la muda wa kuhifadhi ndilo gumu kuliko yote, na chama kilichelewa kulikabili. Sheria ya Taratibu za Ushuru ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu za kodi zihifadhiwe miaka 5. Sheria ya Ukomo wa Mashauri inatoa miaka 6 kufungua kesi ya mkataba. Upande wa pili, Sheria ya Ulinzi wa Data inakataza kuweka taarifa za mtu kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kwa lengo la kuzikusanya. Fomu iliyokataliwa haikuwa na sababu ya kuendelea kukaa miongoni mwa mikopo hai. Ilipaswa kuwekwa kando kama ombi lililoshindikana na kupewa muda wake mfupi. Fomu iliyokubaliwa, nayo, muda wake haupaswi kuhesabiwa tangu siku ilipojazwa bali tangu mkopo unapomalizika kulipwa au kufutwa. Jedwali la muda wa kuhifadhi lililoandaliwa baada ya kisa hiki linahesabu kwa tukio, wala si kwa tarehe ya faili, na linamtaja kwa cheo mtu anayetia saini uharibifu ili kusiwe na wa kumsukumia mwenzake.

Folda ya zamani ya pamoja haikufutwa mara moja. Ilifungwa isiweze kuandikwa, ikabaki ya kusomwa tu na watu wachache, kisha ikaanza kupitiwa mkopo kwa mkopo. Mzee alirudishwa kusimamia kazi hiyo akiwa na vijana wawili wa teknolojia chini yake, mpango ambao mwanzoni ulileta cheko korido nzima na sasa hauzungumzwi tena. Kila mtumiaji amepewa akaunti yake, na faili inayotumwa kwa mwanachama hupitiwa kwanza ili taarifa za wengine zifichwe.

Ambalo halijatatuliwa ni fomu za kipindi cha kafyu. Chama kimewaandikia wadhamini wote ambao saini zao zipo kwa picha tu, kikiwaomba wafike ofisini na vitambulisho vyao kuthibitisha udhamini wao upya. Wengi wamefika. Baadhi wameomba kwanza waonyeshwe mkopo umelipwa kiasi gani, ombi ambalo ni haki yao, na wachache, kwa ushauri wa mawakili wao, hawajajibu. Mikopo ya hao imeorodheshwa peke yake, na kamati huipitia kila mwezi ikijua kwamba ikikwama, ushahidi uliopo hautoshi kuwabana.